Muhogo mchungu na miguu iliyogoma

Ukipita barabara ya Kilwa kwenda Lindi wakati wa kiangazi, utayaona makopa ya muhogo yameanikwa hadi juu ya mapaa. Ndiyo akiba ya watu wa kusini mvua zikigoma. Muhogo mchungu una linamarini, na mzizi ukikatwa au kupondwa hiyo hugeuka sianidi. Hilo bibi zetu hawakulisoma maabara. Waliumenya, wakauvundika au kuuanika siku kadhaa, ndipo wakautia kinuni.

Mwaka 1981 ukame uliwakaba watu wa Memba, ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula, Msumbiji. Hao ni Wamakua, wenye ndugu zao Masasi na Lindi. Mtawa wa Kikatoliki wa huko alimwandikia Hans Rosling, daktari Mswidi aliyekuwa Nacala, kwamba wanawake na watoto wanapooza miguu ghafla. Rosling alihofia maradhi ya kuambukiza, akaihamisha familia yake. Meya alipomuuliza kama barabara ifungwe, alijibu kwamba ni wazo zuri, ni lazima kitu kifanyike. Askari wakafunga. Akina mama waliotaka kwenda sokoni Nacala na watoto wao wakawaomba wavuvi wawavushe, na chombo kikazama nao. Rosling alilieleza jambo hilo mwenyewe miaka mingi baadaye, bila kujitetea.

Kumbe ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Wagonjwa waliohesabiwa walipita 1,000, na wote walikuwa na habari moja: shamba limekauka, umebaki muhogo mchungu peke yake, na njaa haingoji makopa yakauke. Mboga nayo hakuna. Samaki na kunde huupa mwili salfa ya kuivunja sumu, kwa hiyo anayekula ugali mtupu hana kinga. Inaaminika sianidi huziumiza seli za ubongo zinazoiamuru miguu. Mtu hulala mzima, akaamka magoti yamekaza, akatembea kwa ncha za vidole huku mapaja yakipishana kama mkasi. Hali haizidi kuwa mbaya, lakini pia haiponi.

Daktari Trolli alikuwa ameuandika ugonjwa huo mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, kwa jina la konzo. Hapa kwetu Tanzania ulichunguzwa Tarime mwaka 1985, na taarifa yake ikatoka katika jarida la Brain mwaka 1990. Kusini, mwaka 1988, watu wa Masasi walidhurika kwa muhogo ambao haukusindikwa vizuri. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe akawafuata hadi vinuni, akapima sumu katika kila hatua, ikiwemo chinyanya, ile njia ya mkato ambayo muhogo mbichi hutwangwa na kuanikwa juani, ukaliwa upesi. Kwangu mimi, huo ndio utafiti wa ubongo uliokuwa na maana zaidi, ingawa haukufungua fuvu la mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikazuka tena Mtwara.

Dawa haipo. Aliyepooza hupewa magongo na mazoezi ya viungo. Kinga, hata hivyo, ni rahisi. Howard Bradbury, mkemia wa Australia, alionyesha kwamba unga ukilowanishwa, ukatandazwa kwa tabaka jembamba, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi nyingi hutoka kama hewa. Mlingi na wenzake wakawafundisha wanawake wa Mtwara njia hiyo. Haihitaji chombo kipya, ungo unatosha. Ila unga huo usongwe siku hiyo hiyo, ukilala unachacha.