Muziki Unaponyamaza: Wanamuziki Waliozeeka na Kiu Isiyokwisha

Tunapozungumzia wanamuziki walioangamizwa na kileo na dawa za kulevya, aghalabu tunawataja waliokufa mapema. Jimi Hendrix na Janis Joplin walifariki mwaka 1970, wakipishana kwa wiki chache tu, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 27, na ulimwengu wa muziki wa roki umeyageuza majina yao kuwa hekaya. Lakini walio wengi hawakufa. Walibaki hai, wakazeeka, wakaingia uzeeni na kiu ileile waliyoizoea ujanani. Habari zao hazipendezi kama hekaya, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaozisimulia. Sisi wa Likasi hatuna budi kuzijali, kwa maana gitaa lilifika kwetu mapema.

Mwaka 1952, mji huu ukiitwa bado Jadotville, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti, alimkuta hapa kijana mzaliwa wa Bunkeya aitwaye Jean-Bosco Mwenda. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 22, akipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka hata leo hujifunzwa na wapiga gitaa wa ng’ambo. Mji uliishi kwa shaba. Mshahara uliwatoka maelfu ya wanaume kwa siku moja, na siku hiyohiyo mabaa yalijaa. Palipokuwa na chupa, gitaa liliitwa. Na mpiga gitaa aliletewa kinywaji kabla ya kuletewa hela.

Hata hivyo Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Alikuwa karani mjini. Baadaye alipata umaarufu Nairobi, ambako alikuwa na kipindi chake redioni, kisha akaongoza bendi ya Super Shaba huko Lubumbashi, hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Hatusemi kwamba karani halewi; mji wetu ungetucheka. Tunasema tu kwamba Jumatatu asubuhi Mwenda alikuwa na mahali pa kwenda ambapo hakuna aliyempigia makofi.

Gitaa la Mwenda halikuhitaji umeme. Kizazi kilichofuata kiliuhitaji, nasi wa Koni, ambako maji ya Lufira hugeuzwa kuwa umeme wa migodi, tunajua kwamba mambo hayo mawili, migodi na umeme, huenda pamoja. Ng’ambo ya mpaka, huko Kitwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Zambia walianza kupiga roki yao wenyewe. Bendi yao kubwa iliitwa WITCH, na mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alijulikana kwa jina la Jagari. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka hiyo, kumbi zilipoteza wateja. Ndipo ukaja ukimwi, ukawachukua wenzake mmoja baada ya mwingine. Jagari alisomea muziki, akawa mwalimu, na baadaye akachimba vito ardhini kama wachimbaji wadogo tunaowaona huku kwetu. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alitoa albamu mpya pamoja na wanamuziki vijana. Kati ya wale walioanza naye, hakuna aliyebaki kuisikia.

Huku kwetu vilevile. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha tani 50,000. Bendi za mji wa migodi haziwezi kuendelea wakati migodi imenyamaza. Mwanamuziki wa miaka 45 aliyezoea ukumbi uliojaa aliamka akiwa hana ukumbi, hana mshahara, na hana kazi nyingine aliyojifunza. Kilichobaki kutoka maisha yake ya zamani ni chupa, na bei yake ilikuwa imeshuka, kwa kuwa lutuku hutengenezwa uani.

Lakini mtu aliyetufundisha zaidi juu ya jambo hili ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1939 huko Witbank, mji wa makaa ya mawe, na alilelewa na nyanya yake aliyewauzia pombe wachimbaji. Tarumbeta ya kwanza alipatiwa na kasisi Mwanglikana, Trevor Huddleston, yule ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi nchini Tanzania. Mwaka 1967 alipiga katika tamasha la Monterey, Marekani, tamasha lilelile lililowatambulisha Hendrix na Joplin kwa umati mkubwa. Mwaka uliofuata wimbo wake “Grazing in the Grass” ulishika nafasi ya kwanza nchini humo. Mwaka 1974 alikuja Kinshasa, akiwa mmoja wa walioandaa tamasha kubwa lililofungamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wazee wetu walimwona akiwa katika kilele cha sifa. Wasichokiona ni kwamba mtu huyo alikuwa tayari mtumwa wa pombe na kokeni, naye alibaki mtumwa kwa miaka zaidi ya 20 baada ya hapo.

Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 58, Masekela alikubali kwenda Uingereza kutibiwa. Hapo ndipo tunapoomba mkae kidogo, vijana wapendwa. Miaka 58! Katika jumuiya zetu mtu wa umri huo akiwa mlevi tunasema, “Huyo ameshakwisha,” tunamwachia mkewe na watoto wake. Yeye alitoka matibabuni, akaishi miaka 20 zaidi bila kulewa, akapiga muziki ambao wajuzi wanausifu, akaeleza aibu yake waziwazi katika kitabu cha maisha yake, na akasaidia kuanzisha mpango wa kuwatibu wasanii wenzake. Alifariki mwaka 2018 kwa saratani.

Kwa nini wanamuziki? Fikirini jinsi kazi yao ilivyo. Mtu hufanya kazi usiku, wakati wengine wanastarehe. Hulipwa nusu kwa fedha na nusu kwa chupa. Kwa saa mbili hupendwa na watu mia tano, kisha hurudi kwenye chumba kitupu, mwili ukiwa bado unachemka na usingizi hauji. Kinywaji huanza kama dawa ya usingizi. Baadaye mwili wenyewe hukidai, na mtu akikikosa hutetemeka. Uzee unapoingia, vidole vinakuwa vizito, majina mapya yanashika redio, na huzuni inayokuja si uvivu wala laana ya ukoo. Ni ugonjwa, na kileo huuongeza ugonjwa huo hata kama kwa saa moja kinauficha.

Kanisa letu halikuwa daima mwalimu mzuri hapa. Katekisimu ya mwaka 1992 inakataza ulevi na kuyaita matumizi ya dawa za kulevya kosa kubwa (na. 2290 na 2291), maneno hayo tumeyafundisha kwa bidii. Namba 1735 tumeifundisha kidogo mno: inasema kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake waweza kupungua, hata kuondoka, kwa ajili ya hofu, mazoea, na sababu nyingine za nafsi au za jamii. Mafundisho hayo hayapingani.

Yupo mtakatifu ambaye kila kundi la vijana lingepaswa kumjua: Marko Ji Tianxiang, tabibu wa China. Alitumia afyuni kujitibu tumbo, ikamshika. Padri aliyemwungamisha aliona anarudia dhambi ileile, akadhani hatubu, akamnyima maondoleo; hivyo Marko aliishi miaka 30 bila kupokea Ekaristi, lakini hakuacha kwenda Misa. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na watu wa familia yake. Hatuambiwi kwamba aliwahi kuacha afyuni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Sasa tutazame kwaya zetu. Mpiga kinanda au mpiga gitaa wa parokia, je, si sisi tunaomlipa kwa bia kwenye harusi, na kumpa lutuku kwenye matanga ili akeshe nasi? Mwanzo wa kumsaidia ni kumlipa kwa faranga, na kumpatia soda bila kumcheka. Tukimwona ameanza kukosa mazoezi, awepo mmoja wa kumtembelea siku za kazi, maana Jumapili kila mtu ni mwema.

Jambo moja zaidi, na hili ni la kitabibu. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla akiwa peke yake: anaweza kupatwa na degedege, akaona vitu visivyokuwapo, hata akafa. Basi asifungiwe chumbani kwa siku tatu za maombi, kama tulivyoona ikifanyika. Aanzie kwa daktari, na wanaomwombea wamsindikize. Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ghent na Padri Triest mwaka 1807 na kujulikana kwa kuwafungua wagonjwa wa akili minyororo, wana kituo cha wagonjwa hao Lubumbashi, chenye jina la daktari Joseph Guislain aliyefanya kazi nao. Kutoka Likasi ni kilomita kama 120. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli ya mgonjwa na ya ndugu mmoja wa kukaa naye, na kiasi hicho sadaka ya jumuiya ndogo moja yaweza kukifikia katika majuma machache.