Zogoyogo wa Hinde, ndege wa makorongo ya Machakos

Pemba ina chozi wake, ndege mdogo anayemetameta na ambaye hapatikani nje ya Pemba na visiwa vyake vidogo. Machakos haina bahari, lakini mabonde yake yanamtunza ndege ambaye ulimwengu mzima humwona Kenya tu: zogoyogo wa Hinde. Ni wa kahawia, jicho lake jekundu, na mabaka meupe mwilini hutofautiana kiasi kwamba ndege wawili wa kundi moja huenda wasifanane.

Jina hilo la kigeni lina historia nzito. Sidney Langford Hinde alikuwa daktari Mwingereza. Kati ya 1892 na 1894 alikuwa Kongo na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likipigana na Waarabu na Waswahili walioshika biashara ya pembe za ndovu, na mwaka 1897 akachapisha kitabu juu ya vita hivyo. Baadaye aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni huku kwetu. Ndege aliyemkusanya kwenye Mto Athi alifika jumba la makumbusho la London, na mwaka 1900 Richard Bowdler Sharpe akamwandika kama spishi mpya kwa jina la Hinde. Kwa Wakamba, wenyeji wa Machakos, ndege huyo hakuwa mgeni hata kidogo. Waliishi naye kabla London haijamsikia.

Karne iliyofuata ilikuwa ngumu kwa ardhi ya Machakos. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo ulitisha, kisha wakulima wakachimba matuta mlima kwa mlima, kazi ninayoihesabu kati ya kazi kubwa kabisa za mikono ya Waafrika. Lakini mashamba yalipopanuka, vichaka vya asili vilifyekwa. Zogoyogo akasukumwa hadi kingo za mito na makorongo yasiyolimika.

Huko alikuta lantana, mmea uliotoka Amerika ya kitropiki. Mfugaji anauchukia, na ana haki, maana unamdhuru ng'ombe. Kwa zogoyogo, kichaka hicho kizito ndicho kimebaki kimbilio: humo hujenga kiota, na kundi zima husaidiana kulisha makinda. Kikifyekwa chote bila kingine kuchipua, kundi halina pa kukaa.

Mabonde ya Machakos yametambuliwa kuwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege Kenya, naye zogoyogo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hata hivyo makazi yake mengi ni mashamba ya watu, wala si hifadhi yenye askari. Kwa hiyo neno hili ni kwako, mkulima mwenye kijito shambani: usifyeke ukingo wote kwa mara moja. Panda kwanza vichaka vya asili, uviache vishike, ndipo uiondoe lantana kidogo kidogo.