Nasaba ya Lugha na Mpaka wa Dola: Busia, Malaba na Mfano wa Kiswidi

Atokaye mji wa Busia kwenda Malaba, akifuata upande wa Kenya, hupita katika nchi ya lugha zisizo za ukoo mmoja. Wasamia na Wakhayo husema lahaja za Kiluhya, nazo ni za Kibantu. Kuelekea Amukura na Malaba wapo Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha mashariki. Watu hawa wameoana, wameuziana, wameazimana maneno. Lakini kuazimana maneno si kuzaliwa pamoja, na hapo ndipo baadhi ya waandishi juu ya lugha za mpakani huteleza.

Kiswidi kinatufaa kama kipimo, kwa kuwa historia yake imechunguzwa kwa muda mrefu. Ni lugha ya tawi la kaskazini la ukoo wa Kijerumaniki, pamoja na Kidenmaki, Kinorwe na Kiaislandi. Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza ni wa tawi la magharibi. Ushahidi wa undugu huo hautokani na wingi wa maneno yanayofanana, bali na utaratibu wa sauti. Mjerumani husema Jahr (mwaka) na jung (changa). Mswidi husema år na ung. Wort (neno) na Wolle (sufu) kwa Mswidi ni ord na ull. Huko kaskazini j ya mwanzo ilidondoka, na w nayo ikadondoka mbele ya o na u.

Sasa tazama Kiteso. Waturkana hujiita Ngiturkana, Wateso hujiita Iteso. 'Watu' kwa Waturkana ni ngitunga, kwa Wateso itunga. 'Maji' ni ngakipi kwa wale, akipi kwa hawa. Ng' ya mwanzo imetoweka kwa utaratibu, kama ilivyotoweka j ya Waswidi. Wamaasai, ndugu wa mbali zaidi, husema iltunganak. Hapana soko wala ndoa iwezayo kuleta mpangilio wa namna hiyo.

Kuazima nako kuna mfano wake. Kifini, ambacho si cha Kijerumaniki hata kidogo, kilichukua zamani neno kuningas, yaani mfalme, na kimelihifadhi karibu na umbo la kale kuliko Kiswidi chenyewe, ambacho leo husema konung au kung. Ufini ilitawaliwa na Uswidi hadi 1809, na Kifini kikabaki Kifini. Vivyo hivyo Kiteso hakiwi Kibantu kwa sababu ya jirani zake Wakhayo.

Mpaka wa dola ni jambo jingine. Mwaka 1658 jimbo la Skåne lilitolewa na Denmark likapewa Uswidi. Wenyeji walisema lahaja za Kidenmaki. Kanisa, shule na Chuo Kikuu cha Lund, kilichoanzishwa 1666, vikawavuta kwenye Kiswidi. Leo lahaja zao huhesabiwa kuwa za Kiswidi, ingawa msikilizaji makini bado husikia Denmark ndani yake.

Kwetu, hadi 1902 nchi yote ya Busia na Malaba ilikuwa katika Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na Wasamia na Wateso wakagawanywa. Katiba ya Uganda ya 1995 huwataja Wasamia kuwa kabila kamili. Upande wa Kenya wamo ndani ya Waluhya, jina lililoenea katika miaka ya 1930 na 1940. Basi Msamia mmoja, asemaye omundu pale Mganda asemapo omuntu, ana lugha yake mwenyewe akiwa ng'ambo ya forodha, na ana lahaja tu akivuka. Sarufi haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni daftari la anayehesabu, na daftari hilo ndilo huamua vitabu vya darasa la kwanza viandikwe kwa lugha ipi.