Wasiwasi wa ibada

Mama ambaye mwanawe yuko safarini na simu haipatikani husema ana wasiwasi. Mwenye mzigo uliokwama bandarini ana wasiwasi, na mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani naye anao. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili tumelipa kazi ya kutaja hofu ya jambo ambalo mwisho wake haujajulikana, na dawa ya hofu hiyo ni habari. Simu ikiingia, mzigo ukitoka, matokeo yakibandikwa, wasiwasi umekwisha.

Wasiwasi wanaoutaja mafakihi hauponi kwa habari. Mtazame mtu aliyeshikwa nao akitia udhu. Ameshakosha uso na maji yangali yakimchuruzika kidevuni, lakini anaukosha tena. Mwenzake akimwambia, "Umeshakosha, nimekuona kwa macho yangu," atatulia kidogo, kisha ataanza kuuliza kama maji yalifika nyuma ya kisigino. Akijibiwa hilo, atakumbuka viwiko. Imamu ameshasoma Fatiha, ameshainama rukuu, na yeye bado yuko bombani, nguo zimelowa, moyo unamwenda mbio. Kumjibu kila swali ni kuyaongeza maswali. Kwa hiyo mwalimu anayelichukua neno wasiwasi kwa maana yake ya mtaani, akamtuliza mtu huyu kwa maelezo marefu, anamzidishia maradhi kwa nia njema kabisa.

Kiarabu kilichotupa neno hili kina kitenzi "waswasa", kunong'ona kwa sauti ndogo. Waarabu walilitumia hata kwa mlio hafifu wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Katika Sura ya 114, ya mwisho katika Qurani, anatajwa mnong'onezaji anayerudi nyuma na kujificha. Kitenzi hicho kimo pia katika Sura ya 7 na ya 20, kwenye kisa cha Shetani kumhadaa Adamu, na katika Sura ya 50, aya ya 16, anayenong'ona ni nafsi ya mtu mwenyewe. Ndiyo maana wanazuoni huyataja machimbuko mawili, Shetani na nafsi. La muhimu ni kwamba katika hali zote mbili mtu ni msikilizaji. Ananong'onezwa, na kunong'onezwa si kosa lake.

Kiswahili hakijaipoteza maana hiyo. Tunasema mtu ametiwa wasiwasi, ameingiwa na wasiwasi, ameshikwa na wasiwasi. Kwa istilahi ya fikihi ningependa walimu washike "kuingiwa na wasiwasi" na waiache "kuwa na wasiwasi" kwa mambo ya safari na mizigo. Anayeambiwa kwamba ameingiwa na kitu huona njia ya kukiacha kipite.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni mpaka kati ya wasiwasi na shaka, kwa sababu huku mitaani maneno haya hubadilishana nafasi bila madhara, lakini msikitini kila moja lina hukumu yake. Yakini ni ujuzi usiotikisika. Dhana ni pale upande mmoja unapokuwa na uzito zaidi. Shaka ni pale pande mbili zinapolingana, na huwa na sababu yake. Umesali umechoka, mawazo yamekutoka, hujui kama hii ni rakaa ya tatu au ya nne. Hiyo ni shaka halali, na katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amelielekeza jambo hili waziwazi: shaka itupwe, mtu ajenge juu ya lile aliloliyakinisha, kisha asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Aliyeshuku kati ya tatu na nne huhesabu tatu, akamaliza. Wasiwasi hauna sababu wala haumaliziki. Humjia mtu kila siku, mahali pale pale pa ibada, hata akiwa ameamka vizuri na akili zake zimetulia. Shaka hufanyiwa kazi. Wasiwasi hupuuzwa.

Nyuma ya hukumu hizi iko kanuni kubwa ya fikihi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Abdullah bin Zaid amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu anayehisi kama kimemtoka kitu ndani ya sala. Jibu lilikuwa kwamba asiikate sala yake mpaka asikie sauti au apate harufu. Udhu wake ulikuwa yakini, na hisia za tumboni hazitoshi kuutengua. Kwa anayesumbuliwa na hisia ya tone baada ya haja ndogo, mafakihi wametoa nasaha nyepesi sana: akishastanji, ainyunyizie maji nguo yake, na akihisi unyevu baadaye auhesabu kuwa ni maji yale.

Wasiwasi huweza kuvaa kanzu ya uchaji Mungu. Mtu hujiambia kwamba anafanya ihtiyati, yaani tahadhari, kwamba kurudia mara ya tano ni kumwogopa Mola zaidi. Mwanazuoni wa Kishafii Abu Muhammad al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1047, aliandika kitabu kizima cha kutenganisha ihtiyati na wasiwasi, na kwamba alihitaji kuandika kitabu kunaonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyofanana kwa nje. Ihtiyati ya kweli ina mpaka uliowekwa na Sunna. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji na akioga kwa kipimo cha saa moja hadi mudi tano. Mudi ni kiasi cha viganja viwili vilivyokusanywa vikajaa, na saa ni mudi nne, kama pishi ilivyo vibaba vinne. Bomba linalofunguliwa dakika kumi na tano kwa udhu mmoja limeshatoka nje ya ihtiyati.

Katika pwani yetu, ambako wengi tumesomeshwa kitabu cha fikihi cha Safinatun Najaa chuoni tungali wadogo, wasiwasi una mlango mwingine, nao ni nia. Madhehebu ya Shafii yanataka nia ya sala iambatane na takbira ya kuhirimia. Mwanafunzi analihifadhi sharti hilo, kisha anasimama kwenye safu akitaka kulipima: "Allaahu..." anakata, "Allaahu..." anakata tena, akiamini kwamba nia imetangulia au imechelewa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema chanzo cha wasiwasi wa nia ni kasoro katika akili au ujinga wa sheria. Ni maneno makali, lakini yeye na, baadaye, An-Nawawi waliufungua mlango: kunatosha kuambatana kwa kiasi watu wanachokijua katika desturi, yaani mtu awe anafahamu kwamba anaingia katika sala fulani. Aliyetoka nyumbani kwa ajili ya adhuhuri na akasimama nyuma ya imamu ameshanuia. Nadhani kila mwalimu anayefundisha sharti la nia anapaswa kuifundisha na ruhusa hii siku hiyo hiyo.

Upo pia wasiwasi wa itikadi, ule wa mawazo machafu juu ya Mwenyezi Mungu yanayomtokea mtu katikati ya sijida, akaogopa kwamba ameshakufuru. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) kwa jambo hilo hilo, wakasema wanaona katika nafsi zao mambo ambayo ni makubwa mno kuyatamka. Aliwaambia kwamba huko kuchukia kwao ndiyo imani iliyo wazi. Anayelia kwa sababu ya wazo asilolitaka asisumbuke kurudia shahada.

Tiba wanayokubaliana wanazuoni ni kuupa mgongo. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake ni tegemeo kubwa la Mashafii, aliulizwa katika karne ya 16 kama wasiwasi una dawa. Alijibu kwamba ipo dawa yenye manufaa, nayo ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsi inasitasita. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Hakuahidi kwamba nafsi itatulia kwanza ndipo mtu asali. Asali na kusitasita kwake.

Mbinu inayotumiwa leo na wataalamu wa afya ya akili inafanana sana na hiyo: mgonjwa huikabili hofu yake bila kufanya kile kitendo cha kuipoza, akazoea polepole, na wengine hupewa dawa pamoja na mafunzo hayo. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikuwa ameshauweka wasiwasi miongoni mwa maradhi ya nafsi yanayostahili kutibiwa, sambamba na hasira, hofu na huzuni. Kiarabu cha hospitali kinaita maradhi haya "waswas qahri". Kwa Kiswahili, "ugonjwa wa wasiwasi" hautufai, maana umeshazoeleka kwa hofu iliyopindukia ya kila aina. Napendekeza "wasiwasi shurutishi", kwa kuwa unamshurutisha mtu kutenda, na hiyo ndiyo alama ya kuutambua: mikono iliyochanika kwa maji na sabuni, saa nzima chooni, wakati wa sala unaopita na mtu bado anajitwahirisha.

Aliyefikia hapo ana haki ya daktari na ya sheikh kwa pamoja. Sheikh ampe jibu moja, fupi, la madhehebu yake. Akirudi kesho na swali lile lile kwa maneno mengine, aambiwe kwa upole kwamba jibu lake analo tangu jana, kisha waingie pamoja kwenye safu.