Risasi Tuliyojua Itakosa: Taharuki na Ujuzi wa Msomaji katika The Day of the Jackal

Wanafunzi wetu wa fasihi hukaririshwa kwamba taharuki ni hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachotokea mbele. Fasili hii ni nyepesi kushika kichwani, na nadhani ndiyo sababu imedumu. Makala haya yanaikataa, na shahidi wangu ni riwaya moja tu ya Frederick Forsyth.

The Day of the Jackal ilitoka mwaka 1971. Inamhusu muuaji wa kukodiwa anayetumwa na OAS, kundi la siri lililopinga uhuru wa Algeria, amuue Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa mwaka 1963. Kwa mizani ya fasili ile, riwaya hii ilizaliwa maiti. De Gaulle alifia nyumbani kwake Novemba 1970, kifo cha kawaida, kabla kitabu hakijafika madukani. Wachapishaji kadhaa waliukataa mswada. Hata hivyo kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na wanunuzi wake wa kwanza walijua fika kwamba risasi ingekosa.

Mwanasaikolojia Richard Gerrig amejaribu kulijibu fumbo la aina hii kwa kudai kwamba akili husoma kila tukio kana kwamba ni jipya. Mwanafalsafa Noël Carroll anaridhika msomaji akiliwazia tu jambo kuwa huenda likaishia vingine. Wote wawili wanamfanya msomaji kuwa mtu wa kusahau, au wa kujisahaulisha. Mimi nimeirudia riwaya hii mara tatu bila kusahau chochote, na bado ilinibana pumzi.

Tutazame sura ya pasipoti. Muuaji anazunguka makaburini Uingereza akitafuta mtoto aliyekufa mdogo ambaye, kama angeishi, angekuwa rika lake. Anampata: Alexander Duggan. Anaomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, anajaza fomu, anaghushi udhamini wa kasisi, na pasipoti inatoka. Hakuna anayemfukuza wala bastola iliyotolewa. Ni karani na karatasi zake! Lakini msomaji anasoma polepole, kwa sababu amegeuzwa mshirika wa kazi: anataka fomu ipite.

Kurasa nyingi baadaye, polisi wa Uingereza wanaanza kulinganisha maombi ya pasipoti na kumbukumbu za vifo. Jina tulilolisoma kaburini linawakaribia wao, na sisi tulikuwa nalo tangu mwanzo. Wakati huohuo, siri za msako wa Lebel, kachero wa Ufaransa anayemwinda muuaji, zinavujishwa kwa OAS kupitia kitanda cha ofisa mmoja wa Ikulu. Lebel hajui zinakovujia. Muuaji hajui Duggan ameanza kunuka. Sisi tunajua yote mawili, na kinachotukaba ni uzito wa kujua tusichoweza kumwambia yeyote.

Itasemwa kwamba mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alikwisha kulieleza hili kwa mfano wake wa bomu chini ya meza. Alilieleza nusu. Kwake watazamaji wanajua bomu lipo, ila hawajui kama walioketi watapona. Forsyth ametunyang'anya hata shaka hiyo. Itasemwa pia kwamba kijana wa leo wa Dodoma au Mombasa hamjui de Gaulle, hivyo kwake hakuna fumbo. Sawa, lakini kijana huyohuyo anamjua Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, na anajua hatakufa, maana anarudi kitabu baada ya kitabu. Mbona hakiweki chini?

Sidai kwamba hamu ya kujua mwisho haina nafasi popote. Katika hadithi za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla huenda ndiyo injini yenyewe. Ila riwaya ya upelelezi inayoficha lililokwisha kutendeka si riwaya ya msako, na fasili moja imezibeba zote mbili kwa muda mrefu mno. Tena Forsyth analo swali moja ambalo fasili ile ingelidai jibu lake: muuaji huyu ni nani hasa? Anauawa, anazikwa, na jina lake la kweli halitajwi. Nilipofunga kitabu mara ya kwanza, wala sikugundua kwamba sikuambiwa.