Wandugu wa Uamsho: Chumvi Iliyobaki Chunguni

Kabla chumvi ya dukani haijaenea, watu wa nchi za maziwa makuu waliifuata Katwe, magharibi mwa Uganda, au Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Ilisafiri kwa mitumbwi na juu ya vichwa vya wachukuzi, ikabadilishwa kwa chakula na majembe. Mhubiri wa miaka ya 1930 aliyewaambia watu wa Kigezi, Uganda, au Gahini, Rwanda, kuwa wao ni chumvi ya dunia, kama Yesu alivyosema katika Mathayo sura ya 5, hakuwa na haja ya kuwaeleza thamani yake. La kujadili lilikuwa itiwe wapi. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la miaka hiyo, ulijibu kwamba itiwe ndani ya kanisa lililopo, hata kama kanisa lenyewe halitaki.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, kuhudumu katika hospitali ya misheni ya Kianglikana, akapokewa na njaa kali. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na roho, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akiumizwa na ubaridi wa kanisa lake. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, na wito wake kwa kanisa ulikuwa mmoja tu: amkeni. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Mwaka huohuo moto ukawaka kweli.

Waliookoka, Balokole kwa Kiganda, waliungama dhambi hadharani, wakizitaja kwa majina yake. Kuungama kwenyewe kungeweza kupuuzwa kama maneno matupu, lakini vitu vilianza kurudi kwa wenyewe: mifugo iliyoibwa, fedha zilizochotwa kazini, madeni ya zamani ambayo mdai alishayasahau. Waume walitubu mbele ya wake zao. Wamisionari kadhaa wa Kizungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi, jambo ambalo katika koloni la wakati ule lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika leo. Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Walikuwa wepesi wa kuwahukumu wachungaji wao kuwa hawajaokoka, na chumvi ya namna hiyo huwasha kwenye kidonda.

Iliwasha hasa Mukono, Uganda. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker walifukuzwa baada ya kushikilia mikutano yao ya sala ya alfajiri na mahubiri yao yaliyokatazwa na uongozi. Mmoja wao alikuwa William Nagenda. Hapo palikuwa na kila sababu ya kuanzisha dhehebu jipya: walikuwa na viongozi, wafuasi na kinyongo. Hawakufanya hivyo. Nagenda hakupata upadri, akabaki mlei Mwanglikana na kuhubiri karibu kila pembe ya Afrika Mashariki, na ng'ambo pia. Wengine katika Afrika Mashariki walichukua njia nyingine. Miaka ya 1950, huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, kundi la Johera chini ya Matthew Ajuoga lilijitenga na kuunda kanisa lake. Wandugu wengi wa uamsho walibaki, wakikutana kila wiki na bado wakikaa katika mabenchi yaleyale ya parokia Jumapili.

Katika nchi ya Wakikuyu, Kenya, kubaki huko kulidai damu. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto baada ya 1952, wandugu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi walikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Walionekana wasaliti upande mmoja na watu wa kutiliwa shaka upande wa pili, na baadhi yao waliuawa. Mwanauamsho Obadiah Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955. Kwa upande wa Tanganyika, Bukoba ilimlea Josiah Kibira, Mlutheri wa uamsho, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1977, Februari, Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho mwaka 1948, alitia sahihi pamoja na maaskofu wenzake barua ya kumlalamikia mtawala wa nchi, Idi Amin, kuhusu mauaji. Tarehe 16 aliuawa. Festo Kivengere, mwanauamsho mwenzake, alitoroka kwa miguu usiku kupitia milima hadi Rwanda, kisha akaandika kitabu cha kumsamehe Amin.

Rwanda ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Wakati Gahini ikitubu, katikati ya miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji ulikuwa ukigawa vitambulisho vilivyoandika kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uamsho ulimfundisha mtu kuungama chuki aliyo nayo kwa jirani, na katika vikundi vyake Wahutu na Watutsi walikaa pamoja. Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahudumia wakimbizi wa Kitutsi, alipigwa risasi Januari 1964 kwa msimamo huo. Lakini mafundisho yale yalihusu moyo wa mtu mmojammoja. Karatasi ya serikali haikuingia katika orodha ya dhambi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho hivyo ndivyo vilivyoamua nani apite na nani auawe.