Miezi ya Mshahara na Miaka ya Kazi: Historia ya Pensheni kwa Wenye Vipato Viwili Mjini Bujumbura

1.0 Utangulizi

Mjini Bujumbura si ajabu kumkuta karani wa kampuni ambaye asubuhi yuko ofisini na jioni yuko kwenye cherehani yake mtaani Buyenzi. Jamii humwita mtu huyo mchapakazi. Sheria ya pensheni, kwa muda mrefu, imemtambua kwa nusu ya siku yake tu. Makala hii inaeleza nusu ile nyingine ilivyoachwa nje, na inadai kwamba msamiati wa Kiswahili wa kazi na uzee unatusaidia kuiona dhana iliyosababisha hali hiyo.

2.0 Maneno na dhana zake

Neno mshahara lina asili ya Kiarabu, nalo linatokana na shahr, yaani mwezi. Mshahara, kwa hiyo, ni malipo yanayohesabiwa kwa mwezi. Neno kustaafu nalo limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuomba kuachiliwa au kujiuzulu. Anayestaafu humwomba mtu mwingine ruhusa ya kuondoka. Fundi wa Buyenzi hana mwezi wa malipo, wala hana wa kumwomba ruhusa. Hakika, neno tulilomtungia, kujiajiri, linamfanya awe mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugumu wa kisheria unapoanzia.

3.0 Sheria tangu 1956

Mfumo wa pensheni wa Burundi una mizizi katika sheria ya mwaka 1956, iliyowekwa na utawala wa Kibelgiji kwa wafanyakazi wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mji ulikuwa bado ukiitwa Usumbura. Sheria hiyo ilimlenga mtu mwenye mwajiri, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyeweza kukata mchango na kuuwasilisha. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, iliundwa taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS. Bendera ilibadilika, lakini njia ya kumtambua mfanyakazi ilibaki ileile.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1999 iliendeleza msingi huo. Chini yake, mchango wa pensheni ulikuwa asilimia 4 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Pensheni ya uzeeni ilihitaji angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Aliyefikia kiwango hicho alianzia asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake, na kuongezewa asilimia 2 kwa kila mwaka wa ziada.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani amechangia kwa miaka 12, kisha akaacha ofisi na kushona nguo kwa miaka 20. Amefanya kazi miaka 32, lakini katika daftari la sheria ana miezi 144. Amepungukiwa na miezi 36. Hapati pensheni ya kila mwezi bali malipo ya mkupuo. Kiswahili kina jina zuri la malipo ya namna hiyo: kiinua mgongo. Lakini mgongo ukishainuliwa mara moja, nani atauinua mwezi unaofuata? Bima ya hiari ilikuwepo kwa aliyetoka katika ajira na kutaka kuendelea kuchangia. Hata hivyo, hapo sehemu ya mwajiri hukosa mlipaji, na mzigo wote humwangukia yeye mwenyewe.

4.0 Njia za mtaani na za majirani

Pale sheria isipofika, watu hujitegemea kwa nyumba ya kupangisha, ng'ombe waliobaki kijijini, au upatu, ambao majirani wa ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, huuita likelemba. Upatu humsaidia mtu kununua cherehani. Haukuundwa ili umlishe kwa miaka ishirini ya uzee.

Nchi jirani zimejaribu kubadili kipimo chenyewe. Kenya ilizindua mwaka 2011 mpango wa Mbao kwa mafundi wa jua kali. Jina ni la mtaani, shilingi 20, na akiba ilikadiriwa kwa siku, si kwa mwezi. Rwanda ilianzisha Ejo Heza mwaka 2018. Hapo mwajiriwa na aliyejiajiri wote huweka akiba katika mpango mmoja, na jina lake, kesho njema, linaeleweka bila mkalimani kwa msemaji wa Kirundi. Uganda nayo ilirekebisha sheria ya NSSF mwaka 2022 na kupanua uchangiaji wa hiari.

Burundi ilipitisha sheria mpya mwaka 2020. Kwa Kifaransa, jina la sheria limehama kutoka usalama wa jamii hadi kinga ya jamii. Kiswahili hutumia hifadhi ya jamii kwa yote mawili, na hivyo mabadiliko hayo ya dhana yanaweza kumpita msomaji wetu bila kuyatambua.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mwenye vipato viwili hakuachwa nje kwa sababu hakufanya kazi wala kwa sababu hakuweka akiba. Aliachwa kwa sababu kazi ilihesabiwa kwa miezi ya mshahara. Njia inayomfaa ni ile inayoyafikisha mapato yake yote mawili katika hesabu moja, ili miaka ya cherehani iungane na miaka ya ofisi. Wanaisimu nao wana wajibu wao: kuziandika sheria hizi kwa Kiswahili kinachosomeka Buyenzi, ili karani ajue kabla ya kuacha ofisi kwamba amebakiza miezi 36.